Kazi za kukereza mti kwa ajili ya kupamba ofisi: zipi hudumu na zipi hurudishwa kwa fundi

1. Fundi wa Raskazone (mwanzisha uzi), Tanga

Wadau wa useremala, habari za wakati huu.

Mwaka jana nilipewa kazi ya kupamba ofisi ya mawakili jijini Dar es Salaam, ghorofa ya tatu, vyumba vinne na ukumbi mdogo wa kupokelea wateja. Masharti ya mwenye kazi yalikuwa mawili tu: kila pambo litokane na mti uliomea hapa nchini, na kila pambo liwe limekerezwa, yaani limechongwa kwenye mashine ambayo mti wenyewe ndio unaozunguka huku fundi ameishikilia patasi. Nilifurahi mno, nikapeleka vitu ishirini na viwili. Baada ya miezi mitatu nikapigiwa simu nikachukue sita, kwa sababu vilikuwa vimepasuka, vimejipinda au vimeota madoa meupe yasiyofutika. Nimeanzisha uzi huu ili tujadili kazi zinazofaa kwa ofisi, na nitaanza na makosa yangu mwenyewe kwa sababu ndiyo niliyoyasoma kwa gharama.

Ofisi si nyumba. Nyumbani, bakuli la mti lina mwenyewe, na mwenyewe anajua kwamba haliachwi juani wala haliloweshwi. Ofisini, bakuli hilohilo hushikwa na watu hamsini kwa siku bila hata mmoja wao kuliona kuwa ni lake. Alfajiri hufutwa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni. Kuanzia saa mbili asubuhi hupulizwa na kiyoyozi kinachokausha hewa hadi jioni. Na usiku, kiyoyozi kikishazimwa, unyevu wa pwani hurudi ndani taratibu. Mti uliokatwa miaka kumi iliyopita bado hunywa unyevu na kuutoa, na kila unapofanya hivyo huvimba na kunywea. Haunywei kwa urefu kwa kiasi cha kuonekana. Hunywea kwa upana, na hunywea zaidi kwa kuzifuata pete za gogo kuliko kwa kuelekea kwenye kiini, mara nyingi karibu maradufu. Ndiyo maana bakuli lililokuwa duara kamili siku ya kukabidhiwa huwa na umbo la yai baada ya wiki chache, na kama kiini cha gogo kilibaki ndani ya kitako chake, hupasuka.

Katika vile sita vilivyorudi, la kuumiza zaidi lilikuwa bakuli la mwembe lenye upana wa sentimita 38, lenye ile mistari myeusi ambayo ukungu huichora ndani ya mti ulioanza kuoza kabla ya kupasuliwa. Lilikuwa zuri kuliko vyote. Nililikereza likiwa na unyevu mwingi kuliko nilivyodhani, nikalipaka vanishi nikiamini kwamba vanishi itaufunga unyevu huo ndani. Haikuufunga. Lilipasuka kutoka ukingoni hadi karibu na kitako, na wakili mmoja akaniambia kwamba lililia kama bastola mbele ya mteja.

Sasa niseme vilivyobaki, ambavyo mpaka leo vipo na vinatumika.

Cha kwanza ni vipini vya mihuri. Ofisi zetu huendeshwa kwa mihuri, na wakili mmoja anaweza kuwa na mitatu au minne mezani: wa tarehe, wa ofisi, wa kuthibitisha nakala, wa viapo. Siku hizi mingi ni ile ya plastiki inayojipaka wino yenyewe, inayofanana kama mayai ya kuku. Nilikereza vipini vinane vya mpingo, kila kimoja na urefu wa sentimita 9 na tumbo la sentimita 3, chenye kiuno mahali ambapo kidole gumba na cha shahada hukutana, na chini yake kibao bapa cha kugundishia mpira uliochongwa maandishi. Mpingo ni mti mzito unaozama majini, haubonyei kwa urahisi, na jasho la mikono huufanya ung'ae badala ya kuuchafua. Kwa kipande kidogo kiasi hicho hata kunywea hakuonekani. Kichwani mwa kila kipini nilichora pete, moja hadi nne, ili mtu autambue muhuri anaoutaka kwa kupapasa bila kuugeuza kuutazama. Hii ndiyo kazi iliyochukua mti kidogo kuliko zote, na ndiyo iliyosifiwa kuliko zote.

Cha pili ni nguzo ya kutundikia majoho. Mawakili wanarudi mahakamani na majoho yao meusi na kuyatupa juu ya viti. Nguzo niliyoitengeneza ni ya mninga, ina urefu wa sentimita 170, na kwa kuwa mashine yangu haipokei kipande kinachozidi sentimita 100 niliikereza kwa vipande viwili, cha juu chenye ulimi wa sentimita 5 unaoingia kwenye tundu la cha chini, na maungio yakafichwa chini ya pete nene iliyokerezwa palepale. Vishikio vyake si vijiti vyenye ncha bali ni vifundo vya mviringo vya sentimita 4, kwa sababu ncha hutoboa joho mabegani. Niliuchagua mninga kwa sababu ni miongoni mwa miti yetu inayocheza kidogo sana ikishakauka, na fundi yeyote wa milango atalithibitisha hilo.

Cha tatu ni sahani za ukutani, tano, za mninga, mtiki, mkangazi, mvule na mkongo, ya kubwa ikiwa na sentimita 45 na ya ndogo 20, zote zimetundikwa ukumbini. Nyuma ya kila moja nimeandika jina la mti. Karani wa mapokezi ananiambia kwamba wateja wanaosubiri huulizana ipi ni ipi, na wazee hushinda kila mara. Sahani nilizikereza mara mbili, na hapo ndipo penye siri ya kazi nzima, nitakayoieleza hapo chini mtu akiuliza.

Cha nne ni taa za mezani, mbili, za mtiki wa Longuza, shamba la miti lililoko Muheza. Tundu la waya hutobolewa kutoka ncha zote mbili hadi yakutane katikati, kwa sababu keekee ndefu ikitoboa kutoka upande mmoja hupotea njia ikafuata nyuzi laini. Tundu litobolewe kwanza, kisha ndipo kipande kirudishwe mashineni na kushikwa kwa matundu hayohayo, ili tundu libaki katikati ya umbo. Taa ya urefu wa sentimita 40 iwe na kitako kisichopungua sentimita 16, maana waya utavutwa na miguu ya watu. Kazi ya umeme nilimwachia fundi umeme, na ninashauri kila mkereza afanye hivyo.

Vikebe vya kalamu sivitaji kwa makusudi. Kila anayejifunza hukereza kikebe cha kalamu, na kila ofisi tayari ina vitatu vilivyoletwa na wauza vifaa. Mwenye hoja ya kuvitetea aje nayo.

---

2. Mama Hesabu, Nairobi

Asante kwa uzi huu, Fundi. Mimi si seremala, ni msimamizi wa ofisi ya wahasibu yenye wafanyakazi kumi na wawili, kwa hiyo nitazungumza kwa niaba ya wale wanaovipokea vitu vyenu.

Nina malalamiko mawili. La kwanza ni mifereji. Mafundi wengi wanaokereza hudhani kwamba ufundi ni wingi wa pete na mifereji, na kitu kinachotoka hapo kinafanana na mguu wa meza ya harusi. Baada ya mwezi mmoja kila mfereji umejaa vumbi, na dada anayefanya usafi hana kidole chembamba cha kuliondoa. Akijaribu kwa brashi yenye maji, ndipo yale madoa meupe unayoyasema yanapotokea. Tafadhali, kwa ofisi, mfereji uwe mpana kiasi cha kupitisha kitambaa kilichokunjwa mara mbili, la sivyo usiwepo.

La pili ni kwamba mafundi hutuletea kitu na kuondoka. Hakuna anayeacha hata karatasi moja ya kueleza namna ya kukitunza. Tukinunua kichapishi tunapewa kitabu cha lugha sita. Tukinunua bakuli la elfu kadhaa tunapewa tabasamu.

Swali langu ni hili: ukumbi wetu una meza moja ya mapokezi na ukuta mtupu wa upande wa kushoto, na bajeti ni ya kitu kimoja kikubwa au viwili vidogo. Mngeniwekea nini?

---

3. Mwana wa Amu, Lamu

Assalaam aleikum wote. Fundi wa Raskazone, nimeusoma uzi wako mara mbili, na nina la kuongeza kuhusu ukuta wa Mama Hesabu, ingawa si lazima uwe ukuta.

Huku kwetu mashine hii wazee waliiita keezo, na kabla ya mota ilizungushwa kwa uta na kamba. Mti ulikwenda mbele na kurudi nyuma, na patasi ikakata katika nusu ya mwendo tu, kwa sababu katika nusu ya pili mti huyakimbia makali ya patasi. Kwa mwendo huo wa nusunusu watu walikereza miguu ya vitanda ambavyo hadi leo vinakaliwa. Wakakereza pia vijiti vya kuzibia madirisha na baraza, safu kwa safu, ili aliye ndani apate upepo na aone nje bila aliye nje kumwona yeye. Atembeaye katika Mji Mkongwe wa Unguja akiinua macho kwenye roshani ataviona.

Basi kazi ninayoipendekeza kwa ofisi ni kiambaza cha vijiti vilivyokerezwa, kati ya meza ya mapokezi na sehemu ya wafanyakazi. Kwenye ofisi moja hapa nilitengeneza fremu tatu, kila moja ikiwa na vijiti 16 vya urefu wa sentimita 60 na unene wa sentimita 3, jumla vijiti 48. Hewa inapita, mwanga unapita, na mteja haoni makaratasi yaliyotapakaa juu ya meza ya mhasibu. Kioo hakifanyi hivyo na mbao tupu haifanyi hivyo.

Ugumu wake ni kuvilinganisha. Mtu akitegemea jicho, kijiti cha kumi hakitafanana na cha kwanza, na tofauti ndogo ambayo haionekani kijiti kikiwa peke yake huonekana vikisimama safu moja. Dawa yake ni kigezo: chukua ufito bapa wenye urefu wa kijiti, weka alama mahali pa kila pete na kila kiuno, na kando ya kila alama andika unene wake. Ufito huo ukiusogeza kwenye mti unaozunguka, kwa penseli unapata alama zote kwa mara moja. Kisha shusha unene kwenye alama hizo tu, ukipima kwa bikari, na sehemu zilizobaki uziunganishe kwa mkono. Vijiti vitano vya kwanza vilinichukua asubuhi nzima. Kumi vya mwisho nilivimaliza kabla ya adhuhuri.

Kuhusu vumbi, Mama Hesabu ana haki. Vijiti vyangu vina tumbo moja tu refu na pete moja kila upande, basi. Na vikisimama wima, vumbi halina pa kulala.

Jambo jingine dogo: nyumba zetu za zamani zina zidaka, vile vishubaka vya ukutani ambamo bibi zetu walipanga mabakuli ya kaure. Sahani tano za Fundi zimenikumbusha. Ofisi mpya hazina zidaka, lakini rafu fupi za mti mmoja mmoja, kila rafu na chombo kimoja, zinaweza kutoa sura ileile.

---

4. Mgeni wa Patasi, Mwanza

Wakuu, shikamooni. Mimi ni mwanafunzi wa kazi hii, nina miezi minne, na sina mashine yangu. Ninaazima muda kwenye karakana inayotengeneza nguzo za ngazi. Nimepata oda ya kwanza, chombo cha maua kwa meza ya mkuu wa shule ya binafsi. Ninaomba kuuliza mambo matatu. Je, chombo cha mti kinaweza kutiwa maji? Mashine izunguke kwa kasi gani? Na ile siri ya kukereza mara mbili ni ipi? Fundi, uliahidi kueleza mtu akiuliza, basi mimi nimeuliza.

---

5. Fundi wa Raskazone

Marahaba, mdogo wangu. Nitajibu kwa mpangilio wako.

Mti usitiwe maji, hata ukipakwa vanishi mara sita. Nunua mrija wa kioo, ule wa maabara wenye kitako cha mviringo, na ulipime tundu lako kulingana nao, ukiacha nafasi ya milimita 1 au 2 pande zote ili mti utakaponywea usiubane ukauvunja. Ukereze umbo la nje upendavyo, tone, chupa au kibuyu, na mrija ukae ndani ukionekana mdomo tu. Maji hukaa kwenye kioo, ua hukaa kwenye maji, na mti hubaki mkavu. Mrija ukichafuka huchomolewa na kuoshwa.

Kuhusu kasi, kanuni ya wakereza ni kuuzidisha upana wa kipande, kwa inchi, na idadi ya mizunguko kwa dakika, na jibu libaki kati ya 6,000 na 9,000. Kwa hiyo bakuli la inchi 12, karibu sentimita 30, lizunguke mara 500 hadi 750 kwa dakika. Kwa kipini chembamba cha muhuri kanuni hiyo ingekupa kasi kubwa kuliko unavyohitaji. Mizunguko 2,000 hadi 2,500 inatosha. Kipande ambacho bado hakijawa duara kianzie chini zaidi ya hapo, na usisimame kwenye mstari wake unapowasha. Kabla ya kuwasha, kizungushe kwa mkono mara moja uhakikishe hakigusi egemeo la patasi. Vaa kinga ya uso mzima. Usivae glovu, tai, kanzu wala shati la mikono mirefu isiyofungwa, kwa kuwa mti ukishika kitambaa humvuta mtu na hauna huruma. Vumbi nalo usilidharau: la mpingo, la mvule na la mkongo huwasha ngozi na kubana kifua kwa watu wengi, na vumbi la msasa ndilo baya zaidi kuliko maranda.

Sasa siri, ambayo kusema kweli si siri kwa waliotangulia. Samaki hukunjwa angali mbichi, na bakuli nalo huanzwa gogo lingali bichi. Lipasue gogo katikati ya kiini na ukitupe kiini chenyewe. Kereza umbo la awali, na ubavu wake uuache uwe mnene sehemu moja ya kumi ya upana. Bakuli la sentimita 30 liachwe na ubavu wa sentimita 3. Paka nta au rangi ya mafuta iliyobaki kwenye sehemu ambazo nyuzi zimekatwa kwa kukingama, kwa maana huko ndiko unyevu hutoka upesi na ndiko ufa huanzia. Liweke ndani ya mfuko wa karatasi pamoja na maranda yake lenyewe, mahali pa kivuli pasipo na upepo mkali. Kila Jumamosi lipime kwenye mizani ya jikoni na uandike uzito kwa penseli kitakoni. Wiki za mwanzo litapungua sana, kisha kidogo, kisha halitapungua. Uzito ukisimama kwa wiki tatu mfululizo, lirudishe mashineni. Litakuwa limekwisha kuwa yai, nawe una mti wa kutosha ubavuni kulirudisha kuwa duara.

Kwa ofisi ya kiyoyozi niliongeza hatua moja baada ya ile aibu ya mwembe: bakuli lililokwisha simama uzito huku kwangu Tanga nalipeleka kwenye chumba chenye kiyoyozi cha rafiki yangu mwenye duka la dawa, likae huko mwezi mmoja, na mara nyingi mizani huonyesha limepungua tena.

---

6. Mkazi wa Njiro, Arusha

Ndugu Fundi, ninakuheshimu, lakini nadhani umeogopa kupita kiasi, na hofu yako ni ya mtu wa pwani. Huku Arusha hewa ni kavu muda mwingi wa mwaka na ofisi nyingi hazina kiyoyozi kabisa. Bakuli langu la jakaranda huwa tayari kwa muda mfupi sana ukilinganisha na wako. Jakaranda na grivelia, ambayo wakulima huipanda mipakani mwa mashamba na kuipogoa kila mara, ni miti ambayo watu wa pwani mnaidharau kwa kuwa si migumu, ila kwa mkereza ni neema: hukatika vizuri, haina mafuta yanayokataa gundi, na haipatikani kwa kuvamia msitu. Mtiki wenu una chembe za mchanga ndani zinazofanya patasi inolewe kila baada ya dakika kumi.

Wako pia wakereza wanaolichemsha bakuli la awali, takriban saa moja kwa kila inchi ya unene, kabla ya kulikausha. Nimelifanya kwa grivelia na nyufa zimepungua. Kwa mwembe sijajaribu.

Ninalotaka kulisisitiza ni jingine. Mji wetu ni makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na oda nyingi ninazopata ni za zawadi za wageni: nyundo ya mwenyekiti wa mkutano pamoja na kigongeo chake, saa ya mezani, bakuli dogo la peremende. Wateja wote huomba mpingo. Wakumbuke kwamba tangu Januari 2017 mpingo na jamaa zake wote wa jenasi ya Dalbergia wako chini ya usimamizi wa CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, na mwaka 2022 nchi wanachama zilikubaliana kuongeza mininga, mikongo na mikangazi ya Afrika. Kuna misamaha kwa bidhaa zilizokamilika, na inatofautiana mti kwa mti, kwa hiyo mwenye kumpa mgeni zawadi ya kusafiri nayo aulize kwanza kwa maofisa wa Wakala wa Huduma za Misitu badala ya kumwachia mgeni aulizwe uwanja wa ndege. Hata ndani ya nchi, anayenunua mbao adai hati zake za kusafirishia. Mimi kwa zawadi za safari nimehamia kwenye jakaranda iliyochomwa kidogo kwa moto ikawa nyeusi, na ninamwambia mteja wazi kwamba huu si mpingo.

---

7. Fundi wa Raskazone

Nimekubali kuhusu grivelia, na nimekubali kwamba nimezungumza kama mtu wa Tanga. Siwezi kukubali kuhusu jakaranda kwenye vipini vya mihuri. Ni laini, kucha za karani zitaacha alama kabla mwaka haujaisha. Kwa kitu cha kutazamwa, sawa. Kwa kitu cha kushikwa kila siku, ugumu hauna mbadala, na kama mtu hataki mpingo basi atumie mzeituni wa pori au sehemu ya nje ya shina la mnazi mkongwe. Mnazi hauna pete, una vitone vyeusi vinavyovutia sana kipini kikiwa chembamba, ila sehemu ya katikati ya shina ni laini kama sifongo na haifai kitu.

---

8. Mama Hesabu

Nimewasikiliza wote na nimeonyesha uzi huu kwa bosi. Ameamua kiambaza cha Mwana wa Amu, lakini fremu mbili badala ya tatu, na vipini sita vya mihuri. Sahani za ukutani tumeziahirisha kwa sababu ukuta wetu wa kushoto unapigwa na jua kuanzia saa nane mchana, na nadhani mtaniambia jua si zuri.

Mwana wa Amu, je, vijiti vigundishwe kwenye fremu?

Na ile karatasi ya matunzo niliyoilalamikia bado naidai.

---

9. Mwana wa Amu

Visigundishwe, mama. Kila kijiti kina ulimi juu na chini, na huingia kwenye tundu kikiwa huru; kipande cha juu cha fremu ndicho kinachofungwa kwa skrubu mbili zilizofichwa. Kijiti kikivunjika, fremu hufunguliwa na kimoja hubadilishwa. Nitakukerezea vijiti viwili vya akiba, uviweke stoo.

Na ndiyo, jua hubadilisha rangi. Mninga mwekundu huenda ukawa hudhurungi, na kama sahani moja imekingwa na pazia nusu, nusu hiyo itabaki na rangi yake ya zamani.

---

10. Fundi wa Raskazone

Karatasi ya matunzo ninayoiacha sasa kwa kila mteja ni hii, ichukueni na muibadilishe mpendavyo:

"Kitu hiki ni mti. Kifutwe kwa kitambaa kikavu kila siku. Kikichafuka, kitambaa kiwe kimekamuliwa vizuri na kifuatiwe na kikavu papo hapo. Sabuni ya unga, spiriti na dawa ya vioo visitumike. Kisiwekwe chini ya mdomo wa kiyoyozi, juu ya friji wala mbele ya dirisha lenye jua. Kikombe cha moto kisiwekwe juu yake. Kila baada ya miezi mitatu kipakwe nta kidogo ya nyuki kwa kitambaa laini na kusuguliwa. Kikipiga ufa, kisigundishwe ofisini. Fundi apigiwe simu."

Inabandikwa ndani ya mlango wa kabati ambamo vifaa vya usafi huwekwa, si kwenye faili la meneja, kwa kuwa meneja si yeye anayefuta vumbi. Bakuli la chakula, kama la karanga, tende au peremende zisizofungwa, nalipaka mafuta ya kitani yasiyochanganywa na dawa za kukausha, na ninayaacha yakauke kwa wiki kadhaa kabla ya kukabidhi.

Mgeni wa Patasi, chombo chako cha maua kimefikia wapi?

---

11. Mgeni wa Patasi

Nimekereza umbo la awali kwa mwarobaini, karakana nzima inanuka dawa. Mrija nimeupata kwenye duka la vifaa vya maabara. Wiki ya kwanza kilikuwa gramu 1,340, ya pili 1,215, ya tatu 1,160, na juzi Jumamosi 1,148. Mkuu wa shule amenipigia simu mara mbili kuuliza kama kimekamilika. Nimemwambia bado kinapungua.